Programu ya mazoezi inashindana na daftari

Programu ya kwanza niliyoitengeneza kwa ajili ya kurekodi mazoezi ilikuwa na kurasa 11, michoro ya misuli inayozunguka, na orodha ya mazoezi zaidi ya 300 niliyoyapanga kwa alfabeti. Niliipeleka kwenye jimu moja ya mtaani, Dar es Salaam, ile ambayo vyuma vyake vingi ni makopo ya rangi yaliyojazwa zege na kuunganishwa kwa bomba la maji. Watu 9 waliipakua. Baada ya wiki mbili alikuwa amebaki mmoja, naye alikuwa jirani yangu.

Kosa langu lilikuwa kudhani kwamba ninashindana na programu nyingine za simu, kumbe nilikuwa nashindana na daftari. Daftari halidai nywila, haliishiwi chaji, na mwenye nalo huandika "60 × 8", yaani kilo 60 kwa marudio 8, kwa sekunde tatu huku bado anahema. Kwa hiyo ushauri wangu kwa yeyote anayetaka kutengeneza programu ya aina hii ni kwamba, kabla hajachora ukurasa hata mmoja, akakae jimu saa 11 jioni, watu wakiwa wamejaa, ahesabu mtu anagusa skrini mara ngapi kati ya kumaliza seti moja na kuanza nyingine.

Mimi nilihesabu nikiwa nimechelewa. Kijana mmoja alimaliza seti yake ya benchi, akafuta kidole gumba kwenye bukta, akafungua simu, akatafuta programu, akachagua siku, akateremka kwenye orodha hadi akalipata zoezi, kisha kibodi ikapanda na kufunika nusu ya skrini. Alitaka kuandika kilo 42.5. Nukta haikushika kwa sababu ya jasho, na programu yangu, bila kushtuka, ikahifadhi kilo 425. Aligusa skrini mara 14, na karibu nusu ya muda wake wa kupumzika ilikuwa imekwisha. Alinionyesha ile 425 akicheka, lakini kesho yake sikumwona na simu.

Katika toleo la pili, programu ilifunguka moja kwa moja kwenye mazoezi ya siku hiyo, na kila seti ilikuwa tayari imejazwa namba za mara ya mwisho, kwa kuwa mara nyingi mtu hurudia uzito uleule au huongeza kidogo tu. Kibodi niliiondoa kabisa kwenye ukurasa huo, nikaweka kitufe cha kuongeza na cha kupunguza kilo 2.5, pamoja na kitufe kimoja kikubwa cha "Tayari". Mwongozo wa Google kwa simu za Android unashauri eneo la kuguswa lisipungue dp 48 (dp ni kipimo cha skrini za Android), yaani kama milimita 9, na Apple nao wanataja pointi 44 kwa kipimo chao. Vipimo hivyo ni vya kidole kikavu cha mtu aliyetulia. Mimi niliweka dp 64 na sijajuta. Vilevile niliondoa lile swali la "Una uhakika?" lililokuwa likitokea kila mtu alipofuta kitu, nikaweka kitufe cha kutengua kinachokaa kwa sekunde chache, kwa sababu mtu aliyechoka hujibu ndiyo kwa kila swali.

Sasa nije kwenye jambo gumu zaidi, ambalo ni kumruhusu mtumiaji ajipangie mazoezi yake mwenyewe. Programu yangu ilidai kilo kwa kila zoezi la kunyanyua, na pale jimu hakuna aliyejua makopo ya zege yana kilo ngapi. Yalikuwa na majina: kopo dogo, kopo kubwa, na lile zito kuliko yote waliloliita "mwenye nyumba". Watu walibuni kilo ili programu iwaruhusu kuendelea, na michoro ya maendeleo niliyokuwa naichora kwa rangi nzuri ikawa inachora uongo mtupu. Nilirekebisha kwa kuruhusu uzito uwe namba au jina, na uzito ukiwa jina, programu inalinganisha marudio tu: wiki iliyopita "mwenye nyumba" mara 6, leo mara 8. Hicho ndicho walichotaka kujua tangu mwanzo.

Kwa namna hiyohiyo, mtu anapoongeza zoezi jipya, muulize mara moja tu analipimaje, kwa uzito na marudio, kwa marudio peke yake kama pushapu, kwa muda, au kwa umbali, kisha usimwonyeshe tena visanduku visivyomhusu. Jina la zoezi aliandike anavyolijua yeye. Mimi mwenyewe, kwa kupenda Kiswahili sanifu, niliita seti "mikupuo", na mwalimu wa mazoezi akaniuliza kama natengeneza programu ya kunywea dawa. Nikarudisha "seti".

Kuna kosa jingine ambalo halionekani kwenye skrini hadi limekwisha kuleta hasara. Nilikuwa nimeunganisha rekodi za zamani na mpango wenyewe, hivyo mtu alipobadilisha mpango wake kutoka seti 3 hadi seti 5, miezi yake miwili iliyopita yote ikageuka na kuonekana kana kwamba hakuwahi kumaliza mazoezi hata siku moja. Kila siku ya mazoezi ihifadhiwe na nakala yake ya mpango ulivyokuwa siku hiyo, na kila zoezi liwe na namba yake ya ndani isiyobadilika, ili mtu akibadilisha jina la zoezi historia yake isipotee.

Kuhusu saa, nimejifunza kwa kuamshwa. Mtumiaji mmoja alitaka kukumbushwa saa 12 asubuhi. Kichagua saa kilimwonyesha AM na PM, naye akaisoma AM kuwa asubuhi, akaweka 12:00 AM, na simu ikamwamsha saa 6 usiku. Aliyefuata kuamshwa ni mimi. Siku hizi mtu akichagua Kiswahili, programu humwuliza saa pamoja na neno asubuhi, mchana, jioni au usiku, kisha humwandikia chini yake kwa maneno saa atakayokumbushwa.

Kipima muda cha kupumzika nacho kina mtego wake. Tangu Android 6.0, simu iliyozimwa skrini na kuachwa imetulia huzipunguzia programu nafasi ya kufanya kazi ili kulinda betri, na baadhi ya watengenezaji wa simu huongeza ukali wao juu ya huo. Usihesabu sekunde moja moja. Hifadhi saa ambayo mapumziko yataisha, uiachie simu kazi ya kutoa arifa, na kuanzia Android 13 kumbuka kuomba ruhusa ya kutoa hizo arifa.

Kila kitu kihifadhiwe kwanza ndani ya simu, kwa SQLite au hifadhidata nyingine ya aina hiyo, kwa sababu bando huisha na kuta za jimu nyingi hula mtandao. Usilazimishe akaunti. Zaidi ya kumwondolea mtumiaji kero, utajipunguzia mzigo, maana Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika 1 Mei 2023, inahesabu taarifa za afya kuwa nyeti, na rekodi ya uzito wa mwili au maumivu ya goti iliyolala kwenye seva yako ni dhamana ambayo pengine huihitaji hata kidogo.

Programu ilikuwa pia na hesabu ya siku ambazo mtu amefanya mazoezi mfululizo bila kukosa. Hiyo niliiondoa baada ya Ramadhani ya kwanza, wafungaji walipohamishia mazoezi baada ya futari, siku nyingine wakaacha, na programu ikawa inawasuta. Sasa inahesabu mara ngapi kwa wiki, na lengo hilo mtu anaweza kulipunguza bila kuelezwa chochote.

Kipengele cha mwisho kuongezwa hakikuwamo katika mawazo yangu. Mwalimu wa mazoezi aliomba programu iweze kutuma rekodi za wiki kwa WhatsApp kama maandishi ya kawaida, mstari mmoja kwa kila zoezi, bila picha wala jedwali. Nilimwuliza anataka kuyafanyia nini. Akafungua droo, akatoa daftari lake lenye majina ya wanachama wote, akanionyesha kurasa ambamo huwa anayanakili kila Jumapili.