Joto la nyuzi 85 linatosha kuondoa chumvi kwenye maji ya bahari? Jibu la mtu wa kiwanda cha sukari

Ndugu uliyeuliza kama maji ya kupozea injini za umeme huko Mombasa, yenye nyuzi 85 tu, yanaweza kutumika kuondoa chumvi kwenye maji ya bahari ili kupata maji baridi: yanaweza. Wanaosema lazima ufike nyuzi 100 hawajasimama mbele ya evaporeta, yaani mtambo wa kuchemsha kitu hadi maji yake yapae kama mvuke.

Mimi niko Kisumu, kwenye maji baridi ya ziwa, lakini nimefanya kazi miaka 11 katika kiwanda cha sukari huku ukanda wa miwa. Tuna matangi manne. Mvuke uliokwisha kuzungusha tabaini huchemsha juisi ya tangi la kwanza, mvuke wa juisi hiyo huchemsha la pili, hivyo hivyo hadi la nne. Humo pampu imenyonya hewa, na hewa ikipungua kitu huchemka kwa joto dogo, kwa hiyo juisi huchemka kwenye nyuzi 55 hivi. Ukichungulia kiooni unaiona ikitokota kama uji. Ni mtambo aliobuni Norbert Rillieux wa Marekani miaka ya 1840, na wa kuondoa chumvi ni ndugu yake. Tofauti ni kwamba sisi twataka kinachobaki, nyinyi mwataka kinachopaa.

Kuvukiza lita 1,000 kunataka joto la kilowati-saa 640 hivi, na matangi manne hushusha hadi karibu robo yake. Mitambo ya chujio, inayosukuma maji ya bahari yapite kwenye chujio linalozuia chumvi, hutumia kilowati-saa 3 hadi 4 za umeme kwa lita hizo hizo 1,000. Kwa hiyo ukinunua mafuta ya kuchemshia, chujio limekushinda. Joto liwe la kutupwa kweli.

Kinachosumbua hasa ni hewa. Usiku mmoja tangi la nne lilitulia tuli. Mvuke upo, juisi ipo, haichemki. Tulihangaika na vali hadi saa nane. Mzee wa zamu akawasha mshumaa, akaupitisha polepole kwenye ukingo wa mlango wa kukagulia. Ulimi wa moto ukalala kuelekea ndani. Hewa ilikuwa ikiingia: gasketi, ule mpira wa kuziba mlango, ilikuwa na ufa mdogo kuliko ukucha! Na maji ya bahari huja na hewa yake ndani, kwa hiyo pampu yenu haitapumzika.

Tangi lenu la kwanza, la maji ya bahari, lisipite nyuzi 70, la sivyo mirija itajaa ukoko mgumu.

Uliza injini hizo huwaka saa ngapi kwa siku, na maji hutoka kiasi gani kwa saa. Weka majibu hapa tupige hesabu pamoja.