Mwalimu Ajibu: Farao Aliyechongwa Tofauti na Baba Zake

Toleo lililopita tulitoa picha ya sanamu ya Farao Akhenaten iliyofukuliwa Karnak, eneo la mahekalu ya kale huko Misri, na barua zimemiminika. Nimechagua nne. Ya kwanza nimeipa nafasi kubwa kwa sababu wengi mmeuliza hilo hilo, na kwa sababu nilifundisha uchoraji na uchongaji sekondari maisha yangu yote ya kazi. Sijaona kwingine ambako patasi ilifanya kazi ya dini waziwazi kama kwenye mawe ya mfalme huyu.

Shikamoo Mwalimu. Ile sanamu ina uso mrefu kupita kiasi, midomo minene, tumbo limeshuka na nyonga ni za mwanamke. Darasani tumebishana sana. Wengine wanasema alikuwa na ugonjwa wa kurithi, na mmoja ameona video inayodai hakuwa binadamu. Ukweli ni upi?
*Mwanafunzi wa kidato cha tano, Iringa*

Marahaba mwanangu. Binadamu alikuwa, na wazazi wake tunawajua: baba ni Amenhotep wa Tatu, mama ni malkia Tiye. Alipokalia kiti, karibu mwaka 1353 KK, aliitwa Amenhotep wa Nne. Jina la Akhenaten alijipa mwenyewe, mnamo mwaka wa tano wa utawala wake.

Habari ya ugonjwa imeandikwa sana, na aghalabu na watu waliompima mfalme kwa kutazama sanamu. Mwaka 2010 yalitolewa matokeo ya vipimo vya DNA na picha za skana za maiti za ukoo huo, ikiwemo mifupa ya kaburi namba 55 katika Bonde la Wafalme, ambayo wengi wanaiona kuwa yake. Haukuonekana ugonjwa wa kueleza umbo lile.

Lakini hata bila maabara, macho yako yanatosha. Huko Thebes, Luxor ya leo, kuna kaburi la waziri wake Ramose. Ukuta mmoja wa kaburi hilo una mlango katikati. Upande mmoja wa mlango mfalme amechongwa kwa mtindo wa mababu, kiuno chembamba, mwili umekaza. Upande wa pili ni mfalme huyo huyo, ana shingo ndefu na tumbo limelegea. Hakuna anayeugua kwa kuvuka mlango. Kisha watazame waliomzunguka. Mkewe, malkia Nefertiti, ana nyonga zile zile, mabinti wao wanazo, na hata maofisa na watumishi wameanza kufanana na bwana wao. Ukoo wote na ofisi nzima haziwezi kushikwa na ugonjwa mmoja.

Sasa nikupe jambo la kiufundi. Mchoraji wa Misri hakuanza na mtu, alianza na miraba. Alipiga mistari ukutani, na kwa karne nyingi mtu aliyesimama alipimwa miraba 18 kutoka nyayo hadi mstari wa nywele kwenye paji la uso. Enzi ya Akhenaten miraba ikawa 20. Nyongeza ilikwenda kwenye shingo, uso na kiwiliwili, na miguu chini ya goti ikaonekana mifupi. Mtu aliyebadilisha kipimo hajakosea kuchora. Ameamua.

Na aliyeamua tunamjua. Mchongaji mkuu Bak aliacha mchoro kwenye mwamba wa Aswan, yeye upande mmoja na baba yake Men upande mwingine. Men alimchongea Amenhotep wa Tatu. Bak anajiita mwanafunzi aliyefundishwa na mfalme mwenyewe. Wapo wanaoona hayo ni maneno ya kujipendekeza. Mimi naamini yana ukweli ndani yake, maana mtindo mgeni kiasi kile hauwezi kuzuka karakana bila amri kutoka juu.

Kwa nini atake hivyo? Hapa ndipo dini inapoingia. Miungu ya Misri ilikuwa na miili. Amun alichongwa kama mwanamume mwenye manyoya mawili marefu kichwani, Horus na kichwa cha mwewe, Hathor na pembe za ng'ombe. Aten, mungu wa Akhenaten, naye mwanzoni alikuwa na mwili wa mtu na kichwa cha mwewe. Kisha mwili ukaondolewa. Likabaki duara la jua lenye miale inayoshuka, na kila mwale unaishia kwenye kiganja cha mkono. Basi mchongaji kapewa ukuta mzima wa hekalu, na mungu wake hana uso, hana mguu, haketi, hasimami. Aujaze na nini? Aliujaza na mfalme, mkewe na watoto wao. Aten aliitwa mama na baba wa vyote alivyoviumba, na wapo wataalamu wanaosema ndiyo sababu mwili wa mfalme ulichanganya umbo la kiume na la kike. Nakubaliana nao. Mwili wa mungu ulipoondoka ukutani, mwili wa mfalme ulibebeshwa kazi yake.

Jumba la Neues Museum, Berlin, lina kibao cha mawe ya chokaa nilichokitazama hadi mlinzi akaja kusimama karibu nami. Ni kidogo, kama sentimita 33 kwenda juu. Mfalme ameketi kushoto, Nefertiti kulia, wanatazamana. Mfalme amemnyanyua binti mkubwa, Meritaten, anataka kumbusu, na mtoto ananyoosha kidole kuelekea kwa mama yake. Meketaten amekaa mapajani mwa mama. Mdogo, Ankhesenpaaten, amepanda begani na anachezea kipambo kinachoning'inia kwenye taji la malkia, kama watoto wanavyovuta hereni za mama zao. Riboni za nguo zinapepea. Hakuna Farao kabla yake aliyekubali kuchongwa akimbusu mtoto.

Lakini usiishie kwenye upole huo. Fuata miale. Mikono miwili imeshika ankh, alama ya uhai: mmoja unaisogeza puani pa mfalme, mwingine puani pa malkia. Watoto hawapewi. Mtazamaji hapewi. Vibao vya namna hii viliwekwa ndani ya nyumba za maofisa, na mbele yake ndipo waliposali. Ofisa aliyepiga magoti nyumbani kwake alimpigia magoti mwajiri wake, mke wa mwajiri na watoto wa mwajiri.

Meketaten alikufa kabla ya wazazi wake. Katika kaburi la kifalme, kwenye bonde lililo mashariki ya mji mpya aliojenga mfalme, baba na mama wamechongwa wakimlilia, mikono imeinuliwa kichwani. Nikiutazama ukuta ule naona mzazi. Naona pia kwamba msiba wa nyumba moja ulikuwa umekuwa maandiko ya dini.

Tumsifu Yesu Kristo, Mwalimu. Nimesikia kuna wimbo wa Akhenaten unaofanana na Zaburi ya 104. Je, ndiye mtu wa kwanza kumwabudu Mungu mmoja? Naomba unijibu bila kunificha kitu.
*Katekista, Tabora*

Milele na milele, amina. Sitakuficha.

Wimbo huo umechongwa katika kaburi la Ay, ofisa mkubwa ambaye baadaye alikuja kuwa Farao. Ni wimbo mzuri mno. Jua likizama, unasema, dunia inalala gizani mithili ya kifo, simba wanatoka mapangoni, nyoka wanauma. Kukicha watu wanaamka, wananawa, wanavaa, wanainua mikono kusifu, kisha nchi nzima inakwenda kazini. Merikebu zinapanda na kushuka mto, samaki wanaruka mbele ya uso wa jua. Kifaranga ndani ya yai anapewa pumzi, kisha anavunja ganda na kutoka akilia. Wimbo unawataja hata watu wa Syria na wa Kush, nchi iliyo kusini mwa Misri, lugha zao na rangi za ngozi zao, kwamba wote wameumbwa na Aten.

Zaburi ya 104 nayo ina giza, simba wanaotafuta chakula, mtu anayekwenda kazini hadi jioni, na merikebu baharini. Kufanana kupo, huna haja ya kukuogopa. Lakini tofauti ya karne nyingi ipo, na Misri ilisifu jua kwa nyimbo kabla ya Akhenaten na baada yake. Kusema mtunga zaburi alinakili ukuta wa Ay ni kuruka mto usio na daraja.

Zaidi ya hapo, soma mwisho wa wimbo. Mfalme anamwambia Aten kwamba hakuna mwingine amjuaye isipokuwa mwanawe, na mwana huyo ni yeye Akhenaten, kwa jina lake la kifalme. Zaburi anaiimba yeyote. Wimbo ule una mtu mmoja tu mwenye haki ya kuuimba.

Je, aliabudu mmoja? Alifika karibu sana na hapo, na kwa ukali. Mafundi walitumwa na patasi kufuta jina la Amun kwenye mahekalu, makaburini, hadi kwenye ncha za minara ya mawe ambako hakuna msomaji angefika. Walilifuta hata ndani ya jina la baba yake mzazi, kwa kuwa Amenhotep lina Amun ndani yake. Mahali pengine neno "miungu" lenyewe liling'olewa. Mwana anayekwangua jina la baba yake jiweni hafanyi mchezo, anaamini.

Walioamini pamoja naye walikuwa wachache. Pembeni mwa mji wake kilikuwepo kijiji cha mafundi, na wachimbaji walikuta humo hirizi za Bes na Taweret, miungu ya nyumbani, walinzi wa mama mjamzito na mtoto mchanga. Wanawake wa kijiji kile walikuwa wanajifungua na kuzika watoto. Duara la jua linalomnyooshea malkia mkono lingewafaa nini usiku wa uchungu?

Mimi ni fundi ujenzi. Nimesoma kwamba alihamisha mji mkuu na kujenga mwingine jangwani kwa miaka michache. Waliwezaje? Na mbona haupo?
*Msomaji, Mwanza*

Utafurahi, fundi, maana siri ni kipimo cha jiwe. Mji uliitwa Akhetaten, leo Amarna, ukingo wa mashariki wa Nile, karibu nusu ya njia kati ya miji mikubwa ya Memphis, kaskazini, na Thebes, kusini. Mfalme alisema amepachagua kwa sababu hapakuwa mali ya mungu yeyote, akaweka mipaka yake kwa maandiko yaliyochongwa kwenye majabali. Nyumba, na hata sehemu kubwa ya majumba ya kifalme, zilijengwa kwa tofali za udongo. Kwa kuta za mahekalu waliacha mawe makubwa ya mababu, wakakata madogo yanayoitwa talatat, takriban sentimita 52 kwa 26 kwa 24. Jiwe kama hilo anabeba mtu mmoja. Wakachonga michoro ya kuzama ndani ya jiwe, ambayo ni ya haraka na inasomeka vizuri kwenye jua kali, kwani mahekalu ya Aten hayakuwa na paa.

Kilichorahisisha kujenga ndicho kilichorahisisha kubomoa. Mfalme alikufa mwaka wa 17 wa utawala wake. Baadaye kiti kilikaliwa na mtoto, Tutankhaten, akabadili jina kuwa Tutankhamun, mji ukahamwa. Horemheb, Farao aliyekuja baadaye, alibomoa mahekalu ya Aten huko Karnak na kujaza mawe yake ndani ya malango makubwa ya Amun, lango la pili, la tisa na la kumi. Mawe ya Amarna yalivushwa mto hadi mji wa Hermopolis enzi za Farao Ramses wa Pili. Hivyo michoro ilifichwa gizani, rangi zikabaki, na leo wataalamu wameyatoa makumi ya maelfu na wanayapanga upya.

Ulichouliza kuhusu wajenzi kinaniuma. Tangu mwaka 2006 yamechimbwa makaburi ya watu wa kawaida wa mji ule. Uti wa mgongo umeumia kwa kubeba mizigo, miili ilidumaa kwa lishe duni, na katika makaburi ya kaskazini wengi waliozikwa walikuwa kati ya umri wa miaka 7 na 25. Ukutani kwa Aten kuna meza juu ya meza za mikate, ng'ombe na bata. Ukitazama kuta hizo usisahau mifupa hiyo.

Nefertiti yuko Berlin, na mjusi wetu wa Tendaguru yuko Berlin. Walifikaje wote huko?
*Msomaji, Lindi*

Walisafiri miaka ile ile. Wajerumani walichimba mifupa ya dinosaria, huyo mjusi wako, huko Tendaguru kuanzia 1909 hadi 1913. Tarehe 6 Desemba 1912, mwanaakiolojia Mjerumani Ludwig Borchardt na vibarua wake Wamisri walifukua kichwa cha Nefertiti huko Amarna, ndani ya karakana ya mchongaji Thutmose, pamoja na nyuso za plasta. Ni jiwe la chokaa lililopakwa plasta na rangi, na jicho la kushoto halina mboni. Inaelekea kilikuwa kielelezo cha mafundi. Thutmose alipohama hakukibeba, pengine kwa kuwa hapakuwa tena na mtu wa kuagiza sura ya malkia huyo.

Mgawo wa vitu vilivyopatikana ulifanyika Januari 1913. Mchimbaji alikuwa Mjerumani, idara ya mambo ya kale iliongozwa na Wafaransa, na nchi ilikuwa mikononi mwa Waingereza. Mmisri hakuwa na sauti katika mgawo huo. Kichwa kilipoonyeshwa hadharani Berlin mwaka 1924, Misri ilidai kirudishwe, na madai hayajakoma. Mimi nasema kirudi. Wajerumani wamekitunza vizuri, nawashukuru kwa hilo, lakini kutunza si kumiliki. Kuhusu mjusi wako, niandikie tena ukiniambia wazee wa Lindi wanasimulia nini juu ya wapagazi waliobeba mifupa ile hadi pwani. Nitakupa ukurasa mzima.