Usimnyweshe mtoto wa mbwa aliyepoa

Walikuwa wanne ndani ya kiroba kilichotupwa kando ya mtaro, na umande ulikuwa umekilowesha chote. Vitovu vilikuwa bado vinaning'inia. Nilipomshika wa kwanza nilijua amekufa, maana alikuwa baridi kama kokoto la mtoni. Kisha akapanua mdomo, sauti haikutoka.

Nikakimbilia jikoni kupasha maziwa. Njaa ndiyo niliyoiona, kwa sababu ndiyo huruma yetu ya kwanza: kiumbe akilia, mpe chakula. Nikamdondoshea kidogo kidogo mdomoni, mengine yakatokea puani. Kabla ya adhuhuri alikuwa amekufa. Daktari wa mifugo niliyempigia simu aliniuliza swali moja tu kwanza: maziwa umeyapasha, je, mtoto mwenyewe umempasha? Sikuwa na jibu.

Mtoto wa mbwa aliyezaliwa juzi hajui hata kutetemeka. Joto lake lote analipata kwa mama na kwa ndugu anaolala nao. Katika wiki ya kwanza joto la mwili wake huwa kati ya nyuzi 35 na 37 hivi. Likishuka chini ya 34 na kitu, utumbo unasimama. Maziwa utakayompa hapo hayasagiki, yanachachia tumboni, na kwa kuwa hana nguvu ya kumeza yanaweza kuingia mapafuni. Kama huna kipimajoto, mtie ncha ya kidole kisafi mdomoni. Ukihisi ubaridi mle ndani, sahau maziwa kwa sasa.

Wale watatu niliwakausha kwa taulo, nikawaweka kifuani ndani ya sweta na kukaa nao hivyo kama saa mbili. Mkono ulikufa ganzi. Polepole ndiyo siri yenyewe. Usiwatumbukize kwenye maji ya moto wala usiwasogeze kwenye moto, kwani ngozi yao inaungua upesi na mwili ukipashwa ghafla moyo unaweza kushindwa. Baadaye niliwahamishia kwenye boksi lenye chupa ya maji ya moto iliyoviringishwa taulo, nikaiweka upande mmoja tu. Upande wa pili uachwe bila chupa, ili atakayezidiwa na joto ajiburute kando. Wakilala wamelundikana huku wakilia, wana baridi. Wakitawanyika wakihema, umezidisha.

Mmoja alikuwa amelegea sana. Huyo nilimpaka tone la maji ya sukari kwenye ufizi. Kupaka tu, siyo kunywesha.

Maziwa yalikuja mwisho, walipopata joto na kuanza kutafuta chuchu kwenye vidole vyangu. Nunua maziwa ya unga yaliyotengenezwa kwa ajili ya watoto wa mbwa. Ya ng'ombe ni mepesi mno kwao, mafuta na protini havitoshi. Mlaze kifudifudi kama anavyonyonya kwa mama yake, kamwe usimlaze chali kama mtoto wa binadamu (najua mkono unataka kufanya hivyo, wangu pia ulitaka). Kila baada ya saa mbili au tatu, usiku na mchana. Usingizi utausahau.

Jambo ambalo watu wengi hawaambiwi ni choo. Hawawezi kukojoa wenyewe. Mama huwalamba ndipo wanajisaidia. Kwa hiyo kabla au baada ya kila mlo, lowesha pamba kwa maji ya vuguvugu na umsugue taratibu huko chini mpaka kitu kitoke. Ni hivyo mpaka wafikishe wiki tatu hivi.

Wapime kila siku kwa mizani ya jikoni, saa ileile, uandike. Asiyeongezeka uzito kwa siku nzima apelekwe kwa daktari siku hiyohiyo. Mwulize pia kama anamfahamu mbwa jike anayenyonyesha na anayeweza kuwapokea. Akipatikana, wewe na chupa yako mkae pembeni bila kinyongo.

Nisisahau hili: si kila watoto walio peke yao wametupwa. Ukiwakuta wakavu, wana joto, wamelala kwenye kichaka au chini ya banda, huenda mama ameenda kutafuta chakula. Jitenge mbali uangalie. Ukiwashika mbele yake atakung'ata, na mbwa usiyemjua akikung'ata osha jeraha kwa sabuni na maji tele, kisha uende hospitali haraka kwa sababu ya kichaa cha mbwa. Ila wakiwa wamelowa na kupoa kama wangu, usisubiri mtu.

Watatu wale walipona. Aliyekuwa mdogo kuliko wote alifungua jicho moja siku ya 12, la pili akangoja hadi kesho yake.