Mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu: piga hesabu kabla ya kusaini bumu

Ada unayoiona kwenye fomu ya kujiunga na chuo kikuu cha umma Tanzania ni kipande tu cha gharama. Kozi nyingi za Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, zinatozwa kati ya shilingi milioni 1 na milioni 1.5 kwa mwaka, na pesa hiyo haiwezi kumlipa mhadhiri, kuendesha maabara na kukarabati hosteli. Mishahara inatoka Hazina. Majengo mapya yanayoota kwenye kampasi nyingi ni ya mradi wa elimu ya juu uitwao HEET, mkopo wa dola milioni 425 wa Benki ya Dunia ulioidhinishwa 2021, na watakaoulipa ni walipa kodi wote, akiwemo mama ntilie asiye na mtoto chuoni.

Kwa hiyo mzazi anayeanza kwa kuuliza ada ni shilingi ngapi ameshika sehemu ndogo ya mzigo. Tuchukue mwanafunzi wa shahada ya miaka mitatu aliyepata mkopo wa Bodi wa asilimia mia. Ada, tuseme 1,300,000. Chakula na malazi ni 10,000 kwa siku, kutoka 8,500 ya zamani, na hulipwa kwa mafungu ya takriban siku 60. Ndiyo maana bumu moja, yaani fungu moja la posho hiyo, ni 600,000. Mabumu manne, 2,400,000. Vitabu na viandikwa, 200,000. Kwa mwaka ni 3,900,000, kwa miaka mitatu 11,700,000. Ongeza fildi moja, yaani mafunzo kwa vitendo, ya wiki 8 kwa 10,000 kwa siku, yaani 560,000, halafu asilimia 1 ya uendeshaji inayotozwa mara moja. Deni linafika kama 12,383,000. Ada humo haifiki hata theluthi. Kilichobaki karibu chote kimeliwa na kulaliwa, kwa hiyo anayetaka kupunguza deni lake aangalie huko kwanza.

Sasa upande wa kulipa. Sheria inamtaka mwajiri akate asilimia 15 ya mshahara wa msingi. Mtumishi wa umma anayeanza na msingi wa 800,000 atakatwa pensheni ya PSSSF 40,000, kodi 68,000, bima ya afya 24,000 na Bodi 120,000. Anabaki na 548,000, kabla ya chama cha wafanyakazi na kabla ya benki haijamfuata na mkopo wa mshahara. Mshahara wake usipopanda kabisa, atalipa kwa miezi 103 na kidogo, miaka minane na nusu na ushee. Ukipanda, muda unapungua.

Hapa nitaisifu Serikali, maana inastahili. Hadi 2021 deni lililobaki lilikuwa linaongezwa asilimia 6 kila mwaka kwa jina la kulinda thamani. Kwa deni letu la mfano, mwaka wa kwanza hiyo peke yake ingekuwa kama 743,000, wakati mtu analipa 1,440,000 kwa mwaka mzima. Nusu ya makato ilikuwa inakimbiza kivuli. Tozo hiyo imefutwa, kwa hiyo mkopo wa Bodi leo hauna riba, na hakuna benki itakayokupa kitu cha namna hiyo. Anayekataa mkopo huu kwa kuogopa deni, kisha baba yake anakwenda kukopa kwa riba ili alipe ada, amekosea hesabu.

Lawama inabaki kwenye hiyo asilimia 15 yenyewe. Inakatwa kuanzia shilingi ya kwanza, kwa mwalimu wa 800,000 na kwa meneja wa milioni 4 sawasawa. England wanakata asilimia 9, tena kwa kile tu kinachozidi kiwango fulani cha mapato. Kwetu makato ya ngazi, madogo chini na makubwa juu, yangeweza kuingiza fedha ileile bila kumkaba anayeanza kazi. Na fedha hiyo inahitajika, maana marejesho ndiyo yanayosaidia kukopesha wanaoingia mwaka huu.

Je, shahada inalipa? Makadirio ya Benki ya Dunia ya 2014 yaliweka faida binafsi ya elimu ya juu Afrika kusini mwa Sahara kwenye takriban asilimia 21 kwa kila mwaka wa masomo, zaidi ya kanda nyingine zote. Sababu si ubora wa vyuo vyetu. Wahitimu ni wachache na wenye ajira rasmi wanalipwa mbali na wenzao. Lakini huo ni wastani. Ndani yake yumo daktari aliyeajiriwa na yumo kijana mwenye shahada anayeendesha bodaboda. Kwa hiyo kabla ya kujaza machaguo, tafuta watu watatu waliomaliza kozi hiyo miaka miwili iliyopita na uwaulize wanafanya nini sasa. Jina kubwa la kozi halikatwi asilimia 15, mshahara ndio unaokatwa.

Kwenye maombi ya mkopo, wengi wanaanguka kwa mambo madogo. Jina la cheti cha kuzaliwa lifanane na la cheti cha kidato cha nne, herufi kwa herufi: Mohamed na Mohammed kwa mfumo ni watu wawili. Cheti cha kuzaliwa kihakikiwe mapema kwa wakala wa usajili wa vizazi na vifo, RITA kwa Bara na ZCSRA kwa Zanzibar, kwa sababu dirisha likishafunguliwa foleni inakuwa ndefu. Yatima aambatishe cheti cha kifo kilichohakikiwa. Barua ya mtendaji peke yake haitoshi. Kaya iliyo kwenye mpango wa kaya maskini wa TASAF iandike namba yake. Aliyerudia mtihani wa kidato cha nne atumie namba ileile aliyoombea chuo, la sivyo udahili na mkopo havitakutana. Kurasa za saini, yako, ya mdhamini, ya serikali ya mtaa na ya wakili au hakimu, zikaguliwe moja moja kabla ya kupandishwa kwenye mfumo. Ukurasa mmoja uliokosa mhuri unatosha kukuweka nje ya awamu ya kwanza.

Ukipangiwa mkopo, usishangilie kabla ya kusoma mchanganuo. Mwingine anapewa chakula kamili na ada asilimia 40. Katika ada yetu ya 1,300,000 hapo kuna pengo la 780,000 kila mwaka, pamoja na michango ambayo Bodi haigusi, kama bima ya afya ya 50,400 na ada ya Tume ya Vyuo Vikuu (TCU) ya 20,000. Pengo hilo wengi hulijaza kwa bumu, wanashinda njaa Aprili, au wanafika wiki ya UE, mitihani ya mwisho wa muhula, hawaruhusiwi kuingia chumba cha mtihani. Omba chuo kikuruhusu kulipa kwa awamu mwanzoni mwa muhula, wakati afisa bado ana nafasi ya kukusikiliza. Dirisha la rufaa nalo litumie, lakini peleka nyaraka mpya. Kulalamika bila karatasi hakubadilishi daraja la uhitaji.

Hatari kubwa kuliko zote ni kudisco, yaani kuondolewa chuo kwa kufeli. Bumu ulizosaini zinabaki deni kamili, na shahada huna. Ukirudia mwaka, kwa kawaida huo mwaka unajigharamia. Sup mbili, yaani mitihani ya marudio, za mwaka wa kwanza zishughulikie kwa uzito wa pesa, maana ni pesa.

Ukiajiriwa, mwajiri ana siku 28 za kutoa taarifa yako Bodi, na makato ya kila mwezi ayapeleke ndani ya siku 15 baada ya mwezi kuisha. Wapo wanaokata na kukaa nayo. Kila baada ya miezi mitatu linganisha salary slip na taarifa ya mkopo wako. Mwezi ukikosekana, peleka slip ya mwezi huo Bodi, faini ni ya mwajiri. Uliyejiajiri usingoje kutafutwa, omba namba ya malipo ulipe mwenyewe. Deni likikaribia kwisha, anza kufuatilia miezi miwili kabla, kwa kuwa makato hayajizimi yenyewe na kurudishiwa yaliyozidi kunachukua muda. Chukua cheti cha kumaliza mkopo, kisha mpe nakala mhasibu wa ofisi yako.