Pembetatu ya mishale haifufui taa iliyokufa

Swali: Tunaunganisha taa ndogo za sola hapa Arusha. Kasha ni la plastiki ya ABS, nasi hulifunga kwa gundi ili maji yasiingie. Mshauri ametuambia tuchanganye kiongezo cha kuozesha plastiki na tupige chapa ya pembetatu ya mishale, ile alama ya urejelezaji, ili bidhaa iwe rafiki wa mazingira. Je, inatosha?

Jibu: Haitoshi, na inasikitisha kwamba ushauri huo bado unauzwa kila mahali. Pembetatu yenye namba haiahidi kwamba kitu kitarejelezwa. Hutaja aina ya plastiki tu, na ABS huangukia namba 7, yaani "nyinginezo". Kiongezo ni kibaya zaidi: plastiki zenye kiongezo cha aina hiyo, ziitwazo plastiki za okso, humeguka vipande vidogo vidogo badala ya kuoza, na huharibu plastiki nzuri zinazoyeyushwa pamoja nazo, ndiyo maana Umoja wa Ulaya ulizipiga marufuku kwa sheria ya mwaka 2019.

Taa huuawa na betri, swichi au tundu la chaji, huku LED na kasha vikiwa bado vizima. Gundi humlazimisha fundi kuvunja kasha ili abadilishe betri. Wekeni skrubu za aina moja, zinazofunguliwa kwa bisibisi ya nyota, na mpira wa kuzuia maji ukingoni. Betri iunganishwe kwa soketi, isichomelewe, na aina yake iandikwe ndani ya kasha, kwa sababu betri ya LiFePO4 (lithiamu yenye fosfeti ya chuma) ya volti 3.2 hukoma kuchajiwa kwenye volti 3.65, ilhali ile ya kawaida ya lithiamu ya volti 3.7 hufika 4.2. Fundi asiyejua akiweka betri ya kwanza kwenye saketi ya kuchaji ya ile ya pili, itachajiwa kupita kiasi; akifanya kinyume chake, betri haitajaa kamwe.

Onyo hili si lenu peke yenu. Urejelezaji usio na mpango huumiza watu: kule Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda kilichoyeyusha betri chakavu za madini ya risasi kilisumisha kijiji, na mwaka 2020 mahakama iliamuru wakazi walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Kwa hiyo, kabla ya kumlipa mshauri huyo, mtakeni aandike ni nani atakayepokea betri na makasha yenu yaliyochoka, wapi, na kwa gharama ya nani.