Kwa nini Croke Park ni ndoto

Umeuliza kwa nini mchezaji asiye na mshahara ajitese msimu mzima ili acheze Croke Park, uwanja wa michezo ya jadi ya Ireland ulioko Dublin, mji mkuu wa nchi hiyo. Uwanja unaingiza watu zaidi ya 82,000, lakini ukubwa si kitu. Tarehe 21 Novemba 1920 vikosi vya Uingereza viliumiminia risasi umati pale pale, mechi ikiendelea. Watu 14 waliuawa, akiwemo Michael Hogan, mchezaji wa kaunti ya Tipperary, na jukwaa moja sasa lina jina lake. Mwalimu au mkulima anayechezea kaunti yake kwenye fainali ya hurling (mchezo wa jadi wa fimbo na mpira) au kandanda ya Kigaeli (mpira wa Kiayalandi unaochezwa kwa mikono na miguu) anakanyaga nyasi hizo, na majirani waliomlea wako jukwaani wanamwita jina. Mimi ningejitesa hata miaka kumi.