Kaunta Buku ya Wasomaji 312

Nina kaunta buku ya kwaya (quire) tatu, jalada jeusi, mgongoni imeshikwa na gundi. Ndani yake kuna majina 312. Mbele ya kila jina nimeandika namba ya simu, mji au mtaa, na sehemu ya hadithi ambayo mwenyewe ameishia. Mwanangu ananicheka, anasema simu ina mahali pa kuhifadhi majina. Namwacha acheke. Mimi naandika hadithi za mfululizo, zile za "itaendelea", na daftari hilo ndilo linalonilisha. Ukurasa wa Facebook wa wafuasi elfu arobaini na kitu niliokuwa nao zamani haukuwahi kuninunulia hata kilo ya sukari.

Wanaoanza kuandika huniuliza: dada, nifanyeje nipate wafuasi? Nami huwauliza: ukinyamaza wiki mbili, nani atakutafuta? Wengi hucheka kidogo, halafu wanakuwa kimya.

Mimi mwenyewe nilifunguka macho sokoni. Mwaka 2019 nilikwenda soko la Mawenzi, hapa Morogoro, kununua dagaa. Muuza nyanya mmoja alikuwa ameegemea tenga, simu karibu na uso, anasoma kwa sauti. Wenzake watatu wamemzunguka, mmoja anamenya vitunguu. Nikasikia jina la mhusika wangu. Nikasogea. Ilikuwa hadithi yangu, ila ameinogesha: mama wa kambo amempa sauti ya puani, na matusi mawili ambayo mimi sikuyaandika. Nikasimama pale na mfuko wangu wa dagaa, nusu aibu, nusu raha.

Muuza nyanya akaniona: "Mdogo wangu, unanunua au unatusikilizia?"

Nikamwambia, "Dada, hiyo hadithi nimeiandika mimi." Hakuna aliyeamini. Ikabidi niwasimulie kinachofuata. Wakatulia. Kisha yule wa vitunguu akasema, "Sasa huyo baba mdogo anakufa au hafi? Tuambie tujue moja."

Nilipouliza wameitoa wapi, kumbe wala hawaujui ukurasa wangu. Muuza nyanya alitumiwa na shoga yake WhatsApp, jina langu limeshafutwa juu. Yaani nilikuwa na wafuasi elfu arobaini, na wasomaji wangu wa kweli, wanaogombana kwa ajili ya baba mdogo wa kubuni, hawamo. Na hata kama wangekuwamo, watu wanne wanaosikiliza kwenye simu moja mtandao ungewahesabu mtu mmoja, tena asiyelaiki wala kushea, kwa kuwa bando lake ni la kuungaunga. Ile algorithimu inayoamua nani aone nini haina masikio ya kusikia sauti ya puani pale kwenye tenga.

Niliandika namba ya yule mama nyuma ya risiti. Nilipofika nyumbani nikaipeleka kwenye daftari, na ndilo jina la kwanza hadi leo: Mama Nyanya, Mawenzi.

Miezi michache baadaye ukurasa ukanifungia. Nimeamka asubuhi, nenosiri halikubali. Nikaandika malalamiko kwa Kiingereza changu cha kuombea kazi, nikajibiwa na mashine, nikaandika tena, mashine ikanishukuru kwa uvumilivu. Nililia, sitaficha. Lakini nilipokuja kuhesabu kilichopotea, nikakuta siwezi kutaja hata watu ishirini kwa majina kati ya wale elfu arobaini. Na kusema kweli, walikuwa wameacha kuniona siku nyingi kabla ya hapo. Facebook wenyewe walitangaza Januari 2018 kwamba watatanguliza machapisho ya ndugu na marafiki mbele ya yale ya kurasa. Nyumba ni yao, kitasa wanabadilisha wakitaka. Mpangaji unachoweza kufanya ni kujua majirani zako wanaishi wapi.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza, na kama una haraka unaweza kuishia hapa: chukua namba za watu. Usingoje uwe maarufu. Mwisho wa kila sehemu ya hadithi mimi huandika namba yangu na maneno haya: "Ihifadhi kwanza, kisha nitumie jina lako na mtaa wako." Hilo la kuihifadhi si adabu tu. Ukituma kwa brodikasti ya WhatsApp, yaani ujumbe mmoja kwa wengi na kila mmoja anaupata kivyake, orodha moja inabeba watu 256, na ujumbe unamfikia yule tu aliyehifadhi namba yako. Asiyekuhifadhi hapati kitu, na wewe hujui. Mwanzoni nilikuwa natuma sehemu mpya kwa watu mia na hamsini, wanaopata ni themanini, mimi nadhani hadithi imewachosha.

Na usiache SMS kwa kuiona ya kizamani. Jumatatu ya tarehe 4 Oktoba 2021, Facebook, Instagram na WhatsApp zilizima kwa pamoja, huku kwetu ikawa tangu jioni hadi baada ya usiku wa manane. Mimi hutuma sehemu mpya saa tatu usiku. Waandishi wenzangu walilala na hadithi zao kwenye simu. Nilifungua daftari, nikanunua kifurushi cha meseji, nikawaandikia watu: "Mtandao umelala, mimi sijalala. Kesho tunamalizia." Wapo waliojibu kwa kunisimulia walikoishia na wanachodhani kitatokea. Nililala saa saba usiku nikiwa nimepata wazo la sehemu mbili.

Pesa. Watu huona haya kulizungumza hili, mimi sioni. Sehemu 10 za kwanza ni bure, zinazobaki unalipia shilingi 1,000 hadithi nzima. Tozo za serikali kwenye miamala ya simu zilipoanza Julai 2021 watu wakawa wazito, kutuma elfu moja kukaonekana kama mchezo wa kuchoma pesa. Ufumbuzi haukutoka kwangu. Wauguzi watano wa Dodoma walianza kukusanya kwa mmoja wao, anatuma elfu tano mara moja. Nikawaiga, nikawaambia wengine wafanye vivyo hivyo mtaani au kazini kwao. Bila kutarajia, watu waliokuwa wanasoma kila mmoja kivyake wakawa na kikao. Walianza kubishana kuhusu wahusika wakati wa chai.

Asiyeweza kulipa nina njia yake. Kuna dada anafanya kazi za ndani Muscat, mchana hana nafasi hata ya kushika simu, husikiliza sauti ninazorekodi akishaingia chumbani kwake usiku. Yeye hulipia watu watatu kila hadithi, mmoja ni mama yake mdogo aliyeko Handeni, wengine wawili hawajui. Huniambia tu, "Wape unaoona wanastahili." Kwenye daftari nimeweka nyota ndogo kwa waliolipiwa, lakini siwatangazi. Ukimtangaza mtu kuwa kasomeshwa bure, hatarudi.

Kosa langu kubwa lilikuwa kundi. Nilifungua kundi moja la WhatsApp, nikawaingiza wote, nikasema karibuni tujadili. Wiki ya pili kuna anayeuza mafuta ya kuotesha nywele, kuna wa "wekeza laki upate milioni", watu wawili wanatukanana kwa ajili ya Simba na Yanga, na saa nane za usiku mtu anatuma video ya ajali. Wakubwa kwa umri waliondoka kimyakimya, na hao ndio waliokuwa wakilipa. Sasa nina makundi mawili. Moja ni la hadithi, wanaotuma ni mimi na msimamizi tu. Jingine tunaliita Kibarazani, la porojo, na msimamizi wake ni Mama Nyanya. Ana ulimi mkali kuliko nilivyomwandika mama wa kambo. Mtu akileta biashara yake pale anamwambia, "Hapa si gulio, ndugu yangu," anamtoa.

Waandishi wenzangu je? Zamani niliwaona kama washindani. Sasa tuko watano na tunakula kikoa: wiki hii mwisho wa sehemu yangu naweka mwanzo wa hadithi ya mwenzangu wa Tanga, wiki ijayo yeye anaweka yangu. Msomaji anayesubiri yangu hadi Ijumaa anakuwa na cha kusoma Jumatano. Tena tunalindana. Mtu akifuta jina la mmoja wetu na kubandika lake, wasomaji wa wote watano wanafika pale kumwuliza, kwa upole kwanza. Mwizi mmoja aliomba radhi, kisha akawa mteja. Bado simwamini sana, lakini analipa kwa wakati.

Mwaka 2022 nililazwa siku tisa. Sikumwambia mtu, nilikuwa hoi. Siku ya tatu simu ikaanza: "Mwandishi, vipi, kimya hiki si cha kawaida." Dada yangu akapokea, akasema ukweli. Jioni yake kule Kibarazani kukawa na orodha kama ya mchango wa harusi, Mama Nyanya namba moja, shilingi 2,000, na majina yakaendelea kushuka. Zilifika 186,000. Nilirudi nyumbani nikiwaza nitawalipaje sehemu nne ninazodaiwa. Nikakuta kijana mmoja wa Kahama amejitungia yeye mwenyewe sehemu inayofuata ili watu wasikae bure, na baba mdogo amemuua kwa kumwangushia jokofu. Walio wengi walisema ni bora kuliko yangu. Ilinibidi nimfufue baba mdogo kwa taabu kubwa.

Wiki hii nina kazi ya namba. Laini saba hazipatikani, na mtu asipopatikana miezi miwili huwa nampigia jirani au yule aliyemleta. Mmoja, wa Tunduru, amepatikana leo mchana kwa simu ya shemeji yake. Simu yake ilidondoka mtoni. Anasema ameishia sehemu ya 23, pale mlango unapogongwa, na kwamba tangu hapo amekuwa akiwaza ni nani anayegonga. Nimefuta namba ya zamani, nimeandika mpya kwa kalamu nyekundu, na usiku huu namtumia ya 24.